Deni la Mama Aliyejifungua

Nikisikia mfadhili akisema kwamba maskini huthamini tiba pale tu anapoilipia, nawakumbuka kina mama wa Buhinyuza. Mimi ni mkunga, na kwa miaka mingi nimefanya kazi upande ule wa Muyinga, Burundi, unaoteremkia mto Ruvubu. Watu wa vilima vile wana maharagwe, mihogo, ndizi na kahawa kidogo. Faranga huonekana baada ya mavuno, kisha huisha upesi. Uchungu wa uzazi hausubiri mavuno.

Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, Mali, wakaafikiana na WHO na UNICEF kwamba wananchi wachangie gharama za dawa. Nia haikuwa mbaya, kwani rafu za zahanati zilikuwa tupu. Lakini mwaka 2002, vita vikiwa havijaisha, Burundi ilimbebesha mgonjwa karibu mzigo wote: kumwona mganga, vipimo, dawa, kitanda. Wenzetu wa Uganda walikuwa wamefuta ada katika vituo vya serikali mwaka mmoja kabla. Utafiti wa shirika la MSF wa mwaka 2004 ulikuta kwamba chini ya mpango huo 17% ya watu hawakwenda kutibiwa kabisa, hasa kwa kukosa fedha. Waliokwenda, wengi walikopa, au waliuza mbuzi, mavuno, hata kipande cha shamba.

Halafu walikuwepo waliotibiwa wakashindwa kutoka. Human Rights Watch na shirika la Burundi la APRODH waliandika habari zao Septemba 2006: wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, wakiwemo kina mama waliojifungua kwa upasuaji. Mmoja wa namna hiyo niliwahi kumpelekea uji. Mshono ulikuwa umekauka, mtoto ananyonya vizuri, na mlinzi wa lango ana karatasi yenye jina lake. Mumewe alikuwa amerudi kilimani kutafuta mnunuzi wa shamba. Mama yule aliniuliza kama deni huongezeka kwa kila usiku anaolala pale. Liliongezeka.

Nani alimfunga mama yule? Mhasibu alikuwa na dawa za kununua, mkurugenzi ana mishahara ya kulipa. Kila mmoja alitii agizo la aliye juu yake, na juu kabisa walikuwepo watu waliopanga bajeti bila kutenga fungu la asiye na kitu. Ndiyo maana siukubali utetezi wa nia njema.

Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba uzazi na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano yatakuwa bure. Watu wakafurika vituoni, dawa zikaisha, wauguzi wakachoka, lakini kina mama walikuja. Tangu 2010 serikali na wafadhili hukilipa kituo kwa huduma zilizohakikiwa. Malipo yakichelewa, famasi hukauka, na mama huandikiwa dawa akanunue mjini.

Baada ya machafuko ya kisiasa ya 2015, Umoja wa Ulaya ulisimamisha mwaka 2016 misaada ya moja kwa moja kwa serikali, zuio lililoondolewa 2022. Simlaumu anayekataa kuipa fedha serikali anayoamini inawaumiza watu wake. Ila kabla ya kufunga mfereji mmoja, ahakikishe mwingine umekwisha kufika Buhinyuza, maana mjamzito hakuhusika na ugomvi huo.

Na bado kuna walioachwa nje. Mtoto akitimiza miaka mitano, tiba ya bure inakwisha. Kuna kadi ya matibabu, ambayo mwaka 2012 ilipangiwa faranga 3,000 kwa kaya na kulipia 80% ya gharama. Ugonjwa ukiwalaza watu watatu wa nyumba moja kwa wiki moja, ile 20% iliyobaki inatosha kumtoa mbuzi zizini. Wanaokuja Gitega na Bujumbura na mipango mipya nawaomba waandike kwanza fungu la kaya hizo, kabla ya magari na semina, na watuambie litalipwa mwezi gani.