Gita la boksi linapiga mluzi? Lishikishe adabu!

Pikapu tunayoizungumzia leo si ile gari ya kubebea nazi pale Kilindoni. Ni kile kidude kinachonasa mtikisiko wa nyuzi za gita na kuupeleka kwenye ampli. Kama wewe ni mmoja wa washkaji wa Mafia mnaopenda kujitengenezea gita la galoni, debe au boksi la biskuti, kaa mkao wa kula.

Wenzetu Marekani hutumia boksi la sigara zile nene za mabosi. Huku nani anazivuta? Haidhuru, boksi ni boksi, na kasheshe yake ni moja.

Chukulia mmealikwa harusini. Bibi harusi kaingia, kina mama vigelegele, unapandisha volyumu... wiiiii! Watoto wanaziba masikio, wazee wanauliza hao vijana katoka nao nani. Mafia ni kisiwa bwana, habari ya kuumbuka kwako itafika Kirongwe kabla yako. Nani atakuita tena?

Wengi hukimbilia kulaumu ampli, wakaanza kupiga hesabu ya boti mpaka Nyamisati na basi la Dar wakanunue nyingine. Tulia kwanza! Sauti inatoka kwenye spika, inalitikisa boksi, pikapu inanasa mtikisiko ule na kuurudisha kwenye ampli, ampli inaukuza, spika inautoa tena. Ni kama umbea wa uswahilini, kila ukizunguka unanenepa. Ukatie njia popote pale, mluzi kwisha.

Les Paul, mpiga gita wa Marekani, alilijua hilo zamani. Mnamo 1940 hivi alifunga nyuzi na pikapu kwenye gogo zima la mbao. Gogo halitikisiki ovyo kama boksi.

Wewe huna haja ya gogo. Fanya hivi:

Kwanza, hamisha spika. Iwe mbele yako ikitazama watu, wewe na gita lako mkae nyuma yake.

Pili, shindilia boksi. Fulana kuukuu, kipande cha godoro la sponji, au nyuzi kavu za makumbi ya nazi, maana Mafia makumbi hayana shida. Weka kidogo kidogo huku unapiga. Ukijaza kupita kiasi, gita linanuna kama ubao.

Tatu, angalia pikapu ilipokaa. Rahisi kupatikana ni kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia ndani ya saa za mezani na midoli iliyokufa. Raha yake kinanasa hata nyuzi za mshipi wa kuvulia, wakati pikapu ya sumaku inataka waya wa chuma. Ila usikigandishe katikati ya mfuniko, ndipo panapocheza zaidi. Kibane kati ya vibao viwili chini ya kijiti kinachobeba nyuzi, au kwenye mpini unaopita ndani ya boksi. Usikikunje, kitapasuka.

Nne, ziba tundu la boksi, halafu simamisha kijiti ndani kati ya mfuniko na kitako ili mfuniko usiyumbe.

Tano, punguza besi kwenye ampli. Kama mluzi ni mwembamba, punguza ile sauti kali.

Mbona wengine kelele hizo zimewatoa? Kweli kabisa. Beatles walifungua wimbo wao wa 1964, I Feel Fine, kwa mngurumo wa aina hiyo hiyo. Na Kinshasa, kundi la Konono No. 1 la mzee Mingiedi lilitengeneza pikapu za likembe kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Sauti ikatoka inakwaruza, wakaifanya ndiyo staili yao, na albamu ya Congotronics ya 2004 ikawapa jina hadi Ulaya.

Lakini hao kelele waliitumia makusudi. Yako inakuja bila hodi, tena mbele ya bibi harusi! Lishikishe boksi adabu kwanza. Ukishaweza kuuzima mluzi, siku ukitaka kuuwasha makusudi utawapagawisha ile mbaya.

Haya, kisu, gundi na makumbi mnavyo. Kazi kwenu!