Muuaji keshajulikana, ITV iuze nini tena?

Tamthilia ya upelelezi inayofuata kesi moja msimu mzima huuza swali moja: nani kaua? Mwaka 2013 ITV, kituo cha Uingereza kinachoishi kwa matangazo ya biashara, kiliuza swali hilo kwa faida kubwa. Broadchurch, iliyoandikwa na Chris Chibnall na kutengenezwa na kampuni ya Kudos, ilitumia sehemu nane kumsaka muuaji wa mtoto Danny Latimer. Akapatikana: Joe Miller, mume wa mpelelezi Ellie Miller. Bidhaa ikaisha siku hiyohiyo, na papo hapo watazamaji wakaahidiwa kwamba tamthilia itarudi.

Inspector Morse, tamthilia nyingine ya upelelezi ya ITV, haikuwa na shida hiyo. Ilianza 1987 ikafika 2000, kwa sababu kila filamu ilikuja na maiti yake.

Chibnall angeweza kuleta maiti nyingine ufukweni. Alichagua njia ngumu zaidi. Januari 2015 Joe, aliyekwisha kukiri, alipandishwa kizimbani akakana shtaka. Kukiri kwake kukatupwa nje ya ushahidi kwa kuwa Ellie alimpiga akiwa kituo cha polisi, tukio ambalo watazamaji walilishuhudia msimu wa kwanza na pengine kulishangilia. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwandishi: mtaji wa msimu mpya aliuchimba ndani ya ule wa zamani. Wakaingia mawakili wawili, Charlotte Rampling upande wa mashtaka na Marianne Jean-Baptiste upande wa utetezi, na familia ya Latimer ikafiwa mara ya pili.

Kesi ya zamani ya Sandbrook, iliyompa Alec Hardy, mpelelezi mwenzake Ellie anayechezwa na David Tennant, donda la miaka, iliongezwa pembeni. Naiona kama bima ya watu walioogopa kuuza tamthilia isiyo na fumbo. Iliwanyang'anya akina Latimer muda waliostahili. Wanasheria nao walilalamikia taratibu za mahakama ile, na sifa za wahakiki zikapungua.

Lakini tazama upande wa pili wa soko. Fox ya Marekani iliunda upya msimu wa kwanza kwa jina la Gracepoint mwaka 2014, na David Tennant yuleyule akicheza mpelelezi. Ilidumu msimu mmoja ikafutwa. Broadchurch ilipata wa tatu mwaka 2017. Hardy na Miller, yaani Tennant na Olivia Colman, walipewa kesi mpya ya ubakaji, na safari hii aliyetendewa uovu alikuwa hai, akijieleza mwenyewe tangu sehemu ya kwanza.