Je, Wajua? Mchu Ukikatwa Huchipua, Mkoko Ukikatwa Hufa

Anayepogoa mti ili usizidi kimo hutegemea kitu asichokiona: macho yaliyolala chini ya gome. Mwarobaini ukikatwa kichwa, macho hayo huamka na kutoa machipukizi. Ndivyo miti ya barabarani kule London inavyokatwa mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, bila kufa. Lakini si kila mti una akiba hiyo, na ushahidi umesimama kwenye matope ya Kipungani, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Lamu. Mchu, ambao jani lake hutoa chumvi unayoweza kuionja kwa ulimi, ukikatwa huchipua tena kisikini. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyotanda juu ya maji, haufanyi hivyo. Macho yake hufa mapema shina likikomaa, kwa hiyo ukiukata chini ya matawi yenye majani umeuua. Mkandaa ni wa ukoo huo huo, nao kisiki chake si cha kutegemewa. Hata mizizi ina sharti lake. Mti wa chunguni hupunguzwa mizizi ili udumae, nao huotesha vimizizi vingine ukapona. Mizizi ya mkoko, hata hivyo, ina vitundu vidogo kwenye gome vinavyopeleka hewa hadi sehemu iliyozama topeni, ambako hewa ni haba mno. Kuifyeka ni kuunyima mti egemeo na pumzi kwa mpigo mmoja.

Kuna atakayesema: basi tukate mchu tu. Kwa kuni, sawa. Kwa dari, hapana, kwani boriti za nyumba za mawe za Lamu hutoka zaidi kwa mkoko na mkandaa, miti migumu iliyonyooka. Mwingine atasema mkoko hupandwa upya, na ni kweli: mbegu yake huota ingali mtini, ikadondoka ikiwa mche tayari. Ila mche huo hautoki pasipo mti mama, na kufikia unene wa boriti huuchukua miaka mingi. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na tangu 1982 serikali imepiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Marufuku hiyo haimwambii mkataji asimame mbele ya mti gani. Kwa hiyo sheria moja kwa miti yote haitoshi: mchu ukatwe kwa zamu na kisiki kiachwe kichipue, mkoko uchaguliwe mmoja mmoja, na ile inayozaa isiguswe. Wewe mwenye shoka, utambue mti kwanza ndipo ukate.