Chukudu haina moteri, mlima ndio moteri yake

Wakaaji wa Goma wanaona chukudu kila siku mpaka hawaitazami tena. Inapita na magunia ya viazi, na makala, na mbao, na mabidoni ya maji, hata na vitanda. Katikati ya mji tuko na sanamu yake ya rangi ya dhahabu. Lakini ukiuliza kwa nini chombo hiki cha miti kilizaliwa hapa Kivu ya Kaskazini, katika miaka ya 1970, wengi watakujibu: juu ya umaskini. Jibu hilo ni nusu tu. Umaskini uko pahali pengi. Kitu kilichozalisha chukudu ni umaskini pamoja na mlima.

Tuelezane basi namna chombo hiki kinavyofanya kazi kwenye barabara za mawe na udongo, na kwa nini kushuka mlima ndiyo saa ya hatari kuliko zote.

Chakula kiko juu, soko liko chini

Goma iko kando ya ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mashamba yanayolisha mji yako juu zaidi. Upande wa kaskazini, zaidi ya kilometa 20 kutoka mjini, kuna Kibumba, kati ya volkano Nyiragongo na mlima Mikeno, ukingoni mwa pori la Hifadhi ya Virunga. Upande wa magharibi, ukifika Sake unaanza kupanda kona kwa kona kuelekea Mushaki na vilima vya Masisi. Huko juu kuna baridi na udongo mzuri, ndiyo maana viazi, kabichi na karoti vinakubali.

Kwa hiyo mzigo unashuka, na mtu anapanda akiwa mtupu. Siri yote ya chukudu iko hapo. Kama mashamba yangekuwa chini na soko juu, hakuna mtu angejaribu kusukuma kilo mamia juu ya magurudumu ya mbao. Angalieni Kisangani: kule njia za pori ni tambarare, na watu wanapakia mzigo juu ya velo na kuisukuma kwa mguu. Kila pahali panachagua chombo chake.

Hata hivyo, mteremko haudumu mpaka sokoni. Mtu anayetoka Masisi akifika Sake, mlima umekwisha. Kuna karibu kilometa 25 mpaka Goma, na hapo moteri inakuwa mguu wake: goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma chini.

Kwa nini miti, kwa nini si velo

Velo ya kawaida iko na vitu vitatu ambavyo barabara yetu inavipenda kuvila: shambre ya hewa, mnyororo na spoku. Jiwe la lava ni kali kama chupa iliyovunjika. Linakata tairi, na hapo safari imesimama.

Chukudu haina hata kimoja kati ya hivyo. Mwili wake ni mti mgumu, mara nyingi mukaratusi, ambao unapandwa kwenye vilima vyetu na unakomaa haraka. Magurudumu ni ya mbao, yamevikwa kanda ya tairi kuukuu iliyopigiliwa misumari. Ndani ya gurudumu kuna rulma ya chuma inayotiwa mafuta. Zingine zinafungwa ressort mbele ili kupunguza mishindo. Kitu kikivunjika, fundi wa mbao wa kijiji anaweza kukitengeneza kwa nyundo na panga.

Umbo lake pia liko na akili. Ubao ni mrefu na mzigo unalala chini, katikati ya magurudumu mawili. Mzigo ukiwa chini, chombo hakipinduki upesi. Ukipanga magunia juu mpaka yakupite kichwa, umeharibu ile faida.

Mlima unapokupa nguvu, nguvu hiyo inakwenda wapi?

Sasa tufike kwenye shida. Tuseme chukudu, mzigo na mtu, vyote pamoja ni kilo 350, na vinashuka mita 300 kutoka juu mpaka chini. Nguvu ambayo mlima unatoa kwa safari hiyo, ukiigeuza kuwa moto, inatosha kuchemsha karibu lita 3 za maji, kuanzia maji ya baridi. Nguvu hiyo haipotei bure. Sehemu inakwenda kwenye upepo na kwenye mawe ya barabara. Inayobaki lazima imezwe na breki. Breki ikishindwa kuimeza, inageuka kuwa mwendo.

Na breki ya chukudu ni nini? Mara nyingi ni kipande cha tairi kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mtu anakikanyaga kwa mguu. Ni hiyo tu.

Mwendo nao hauongezi hatari kidogo kidogo. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Kama kwa kilometa 10 kwa saa unasimama ndani ya mita 5, basi kwa kilometa 20 unahitaji mita 20, na kwa kilometa 40 unahitaji mita 80. Mita 80 kwenye barabara ya kona ni kusema: mtoto, mbuzi ao kamioni iliyoharibika nyuma ya kona, hutaviona mapema vya kutosha.

Ulaya na Marekani siku hizi watu wananunua velo za mchezo zilizotengenezwa kwa barabara za changarawe milimani. Ukizitazama utaona vitu viwili: tairi pana yenye hewa kidogo, ili ikumbatie mawe badala ya kuruka juu yake, na breki mbili, mbele na nyuma. Breki ya mbele iko na sababu. Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele, na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi. Chukudu inafunga nyuma tu, pale ambapo uzito umeondoka. Ndiyo maana mara nyingine gurudumu la nyuma linasimama kabisa lakini chombo kinaendelea kuteleza.

Mawe, matope na maji

Changarawe kavu inateleza kama punje za mahindi chini ya kiatu. Matope ni mabaya zaidi, kwani yanaingia kati ya gurudumu na kile kipande cha tairi, na breki inakuwa kama imepakwa sabuni. Kwa hiyo miezi ya mvua, Septemba mpaka Desemba na tena Machi mpaka Mei, mteremko uleule wa siku zote unakuwa mteremko mwingine.

Lakini mvua peke yake haiharibu barabara. Kinachoiharibu ni maji yasiyo na njia. Mtaro ukijaa majani na udongo, maji yanapanda barabarani, yanabeba changarawe ndogo na kuacha mawe makubwa na mashimo marefu kama mifereji. Gurudumu likiingia ndani ya mfereji huo, mtu hawezi kuligeuza tena. Kazi ya kufungua mtaro haihitaji mashine. Ni jembe na beleshi, kabla ya mvua kuanza. Pale ambapo cantonnage ao salongo inafanyika kweli, watu wa chukudu wanaijua tofauti bila kuambiwa.

Tena tusisahau kwamba kwetu barabara inaweza kukatika kwa siku moja. Tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilikata barabara ya kitaifa namba 2, kaskazini ya Goma. Ni hapo mtu wa mjini anakumbuka kwamba viazi havioti sokoni.

Barrière katikati ya mteremko

Kuna jambo ambalo halitokani na mlima wala na mvua. Ni barrière. Tuache leo swali la nani anaiweka na nani anakula pesa yake. Tuseme tu pahali inapowekwa. Ukifunga kamba ao mti katikati ya mteremko, unamuomba mtu mwenye kilo 350 asimame pale ambapo breki yake iko dhaifu kuliko pahali pengine. Akichelewa, anaambiwa amekataa kutii. Akigeuza ghafula, anaanguka chini ya mzigo wake. Barrière yoyote ya halali inaweza kuwekwa pahali tambarare, mita chache baada ya mteremko kuisha. Haigharimu hata franga moja.

Kabla ya kushuka

Kwa ndugu zetu wanaoishi kwa kazi hii, na kwa wamama wanaowapa mzigo, mambo haya yanalingana na yale tuliyoeleza hapo juu:

- Tazama mpira wa breki kila asubuhi. Ukiwa mwembamba, badilisha kabla ya kupakia.
- Gunia zito liende chini na nyuma, karibu na gurudumu la breki. Vyepesi viende mbele na juu.
- Anza kufunga breki juu ya mlima, wakati mwendo ungali mdogo. Usingoje kona.
- Mvua ikinyesha, simama, ao ushuke na mwenzako anayeshika kamba nyuma.
- Unapopanda mtupu, usijishike nyuma ya kamioni. Dereva hakuoni.
- Wewe mwenye mzigo, usilipe kwa haraka. Ukimwahidi mtu franga za ziada ili afike mbele ya wengine, umemlipa asifunge breki.

Hili la mwisho linatugusa sisi wote tunaonunua sokoni. Mtu wa chukudu akianguka, hakuna asiransi inayomlipa siku za kulala nyumbani na mguu uliovunjika. Bei nafuu ya kiazi cha Kibumba ao cha Masisi ndani yake kuna mguu huo. Kumfungulia mtaro, kumwondolea barrière kwenye mteremko, kumngoja saa moja zaidi wakati wa mvua: hayo yote yako ndani ya uwezo wa kijiji, wa chefu na wa mnunuzi, bila kungoja goudron ifike.