Mama yake Moses: Alianza upya akiwa na watoto wawili

Hebu rudi kidogo hadi darasa la sita. Kile kitabu kilichochakaa kuliko vyote kwenye kabati, jalada limeng'oka, kurasa zimejaa alama za vidole, huenda kilikuwa cha Moses. Kama hukukisoma wewe, muulize mama au anko wako.

Moses anasomea Mukibi's Educational Institute for the Sons of African Gentlemen. Jina zito kweli, kumbe ni shule ya bweni ya wavulana watundu! Yeye na wenzake, kina King Kong, Itchy Fingers na Rukia, hawakosi balaa.

Lakini aliyewaandika unamjua? Anaitwa Barbara Kimenye, na hakuzaliwa Kampala wala Nairobi. Alizaliwa 1929 mjini Halifax, Uingereza, baba yake akiwa mtu wa Karibi na mama yake Mwingereza. Alisomea uuguzi London, akaolewa na kijana wa Bukoba, na miaka ya 1950 wakahamia huko Tanganyika. Ndoa ikavunjika.

Hapo wengi wangefunga virago warudi kwao. Barbara alivuka mpaka hadi Uganda, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka Mutesa II, kisha akawa mwanahabari wa gazeti la Uganda Nation. Mwaka wa 1965 alihamia Nairobi na wanawe wawili, akaandikia Daily Nation.

Mwaka huohuo kitabu chake Kalasanda, chenye hadithi za kijiji cha Buganda, kikatoka. Piga hesabu: alikuwa na miaka 35. Moses akafuata 1967, na mfululizo ukaanza.

Fikiria mtoto wa enzi hizo. Vitabu vingi vya kujifurahisha vilitoka ng'ambo, vimejaa theluji na chai ya saa kumi. Ghafla anakutana na bweni analolijua, chakula anachokijua, na mwalimu mkali kama wake. Tena Moses si namba moja darasani, wala hakuwekwa pale ili akupe mawaidha. Ni mtoto anayefanya makosa, na unamcheka kwa sababu unajiona.

Baadaye Barbara aliishi tena London, akarudi Uganda, kisha Kenya, na mwisho akarejea London, alikofariki 2012 akiwa na miaka 82. Aliacha zaidi ya vitabu 50, na nakala zilizouzwa zilipita milioni moja.

Sasa tuje kwako. Una miaka 23, hadithi yako imelala kwenye simu tangu mwaka jana, na unajiambia eti umechelewa. Ama eti wewe si wa ukoo wa waandishi. Barbara alikuwa mgeni, mlezi wa watoto wawili, mwenye kazi ya kila siku. Hakungoja maisha yatulie ndipo aandike. Angengoja, Moses asingezaliwa.

Na nafasi ingalipo. Moses aliandikwa kwa Kiingereza. Yule mtundu wa Kayole au Kisauni, anayewaza na kutania kwa Kiswahili, naye anastahili mfululizo wake. Mtoto wa Grade 6 atakisoma hadi jalada ling'oke.

Fungua hiyo simu. Andika ukurasa mmoja leo.