Fahamu: Kwa nini Kathleen Ferrier ni gwiji wa opera
Kathleen Ferrier, aliyezaliwa Lancashire, Uingereza, mwaka 1912, aliacha shule akiwa na miaka 14, akawa opereta wa simu kabla ya kuwa mwimbaji. Wapo wasemao hastahili kuitwa mwimbaji wa opera, kwani jukwaani aliigiza wahusika wawili tu: Lucretia wa mtunzi Britten, katika jumba la opera la Glyndebourne mwaka 1946, na Orfeo wa mtunzi Gluck. Hoja hiyo inahesabu majukumu bila kupima uzito wake. Februari 1953, saratani ikiwa imemla mifupa, mguu wake ulivunjika katikati ya onyesho la pili la Orfeo, katika jumba la opera la Covent Garden. Aliendelea kuimba, kwa ile sauti yake nzito yenye joto, hadi mwisho. Hakupanda tena jukwaani. Alifariki Oktoba 8 mwaka huohuo, akiwa na miaka 41.