Uvimbe wa mafuta ndani ya mfupa: si kila uvimbe ni saratani

Huenda umeumia mguu kazini, ukapigwa eksirei, na daktari akakuambia: mfupa haukuvunjika, lakini ndani yake kuna "tumor". Wengi wakisikia neno hilo hudhani ni saratani. Maana yake ni uvimbe tu, na uvimbe una aina nyingi.

Ni kitu gani?

Aina mojawapo ni lipoma ya mfupa. Ni mafuta ya kawaida ya mwili yaliyojikusanya mahali pamoja ndani ya mfupa. Hutokea kwa nadra, zaidi kwa watu wazima, na mara nyingi kwenye kisigino, paja au mguu chini ya goti. Si saratani, na kugeuka kuwa saratani ni jambo la nadra mno. Wengine huhisi maumivu, wengine hawahisi chochote, na uvimbe hugunduliwa kwa bahati tu.

Unapimwaje?

Eksirei huonyesha doa katika mfupa, lakini magonjwa mengine pia huleta doa kama hilo. Kwa hiyo daktari huagiza kipimo cha MRI. Humo mafuta yaliyo ndani ya mfupa huonekana sawa na mafuta yaliyo chini ya ngozi. Picha ikiwa wazi, mara nyingi hakuna haja ya kukata kipande cha mfupa kwenda kupimwa maabara.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu sana. Vua bangili, hereni na hirizi yenye chuma. Kama una kipande cha risasi au bomu mwilini, au uliwahi kuwekewa chuma hospitalini, sema kabla ya kuingia, hata kama ni jambo la miaka mingi.

Tiba ni nini?

Usipokuwa na maumivu, na mfupa ukiwa imara, kwa kawaida hufanyiwi upasuaji. Daktari huangalia tu, pengine kwa picha nyingine baadaye. Kukuambia "tutasubiri" si kukutupa.

Maumivu yakizidi, au mfupa ukiwa hatarini kuvunjika, daktari hukwangua mafuta hayo na kujaza nafasi kwa mfupa wa kupandikiza. Uvimbe kurudi ni nadra. Ukipasuliwa kisigino, huenda ukatembea kwa magongo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo omba mapema barua ya kumpelekea mwajiri.

Omba mkalimani

Hapa Marekani, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bila malipo, ana kwa ana, kwa simu au kwa video. Usimtumie mtoto. Akitafsiri "uvimbe" kuwa "saratani", nyumba nzima italia bure. Akificha neno zito ili asikuumize, utakosa tiba. Muulize daktari:

- Je, una hakika ni mafuta? Picha gani imeonyesha?
- Je, mfupa unaweza kuvunjika? Niache kazi gani?
- Nirudi lini?

Usingoje siku ya miadi kama maumivu yanakuamsha usiku, mahali hapo panavimba, au ghafla huwezi kuukanyagia mguu. Piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Na ukihama mji, omba nakala ya picha zako uende nazo, ili daktari mpya aweze kuzilinganisha na zake.